Pua ya Mwanamke wa Akiki

Mama Ornella hakuomba zaidi ya pini. Damien alilisikia hilo kwa masikio yake mwenyewe, na hata baadaye, alipokuwa akitafuta kila upenyo wa kujitetea moyoni, hakuweza kujidanganya kwamba hakuelewa.

Ilikuwa katikati ya Aprili, mwaka 2015, siku ambayo baridi ya Johannesburg ilianza kubisha hodi. Bibi huyo wa Kiitaliano aliingia kwenye duka dogo la Damien pale Troyeville akiwa ameshikwa mkono na Joséline, dada wa Kirundi aliyekuwa akimtunza nyumbani kwake Bezuidenhout Valley. Joséline na Damien walisali kanisa moja, na Joséline alikuwa amemwambia bibi huyo kwamba yupo sonara Mkongomani ambaye mkono wake hautetemeki.

"Pini imelegea," Mama Ornella alisema kwa Kiingereza kilichojaa mwimbo wa Kiitaliano, huku akifungua kitambaa juu ya meza ya kioo. "Hili jiwe nalivaa kifuani kila siku. Juzi limeanguka jikoni, jana limeanguka tena. Nitengenezee pini, basi."

Ndani ya kitambaa kulikuwa na akiki yenye ukubwa wa yai la njiwa lililokatwa nusu, imezungushiwa ukingo wa dhahabu. Jiwe lilikuwa na tabaka mbili, ya chini ya kahawia kama chai ya rangi, ya juu nyeupe kama maziwa. Fundi aliyelichonga alikuwa ameikwangua ile nyeupe yote mpaka ikabaki sura ya mwanamke, ametazama upande, shela imemwangukia kisogoni. Mikunjo ya shela ilikuwa myembamba kiasi kwamba kahawia ya chini ilichungulia, kama mwili unavyochungulia chini ya nguo nyepesi. Damien aliweka lenzi jichoni, akasahau kabisa kwamba alikuwa na wateja.

"Limechongwa Milano," alisema Mama Ornella. "Zaidi ya miaka mia nne iliyopita, enzi zile mafundi wa kwetu walipokuwa wakifufua kazi za Warumi wa kale. Bibi ya bibi yangu alipewa na mwanamke tajiri aliyekuwa akimshonea nguo. Tangu hapo limepita kwa wanawake wa nyumba yetu."

"Na pua, Mama?" Damien aliuliza.

Pua ya mwanamke yule ilikuwa imevunjika. Ncha yote ilikuwa imetoka, ikaacha kidimbwi kidogo cheupe pale ambapo uso ulipaswa kuchomoza.

"Pua iliondoka zamani," bibi alisema. Kabla ya kumwachia jiwe, alilipapasa kwa kidole gumba, taratibu, akakipumzisha pale pale kwenye kidimbwi. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na presha ya macho, alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Damien alidhani ni mazoea ya wazee.

Damien alizaliwa Likasi, kusini mwa Kongo, katika nyumba ambayo vumbi la kijani halikukosekana mlangoni. Baba yake alikuwa mchongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani la migodi ya shaba. Alichonga tembo, mamba, na vichwa vya wanawake wenye nywele za kusukwa, na Damien alikaa miguuni pake tangu utotoni, akajifunza kuusikiliza mwamba kwa kucha. Kisha vita na njaa ya kazi vikamsukuma kusini, na Johannesburg haikuwa na haja na mchongaji. Ilitaka mtu wa kuunga mikufu iliyokatika, kupanua pete za ndoa na kubadilisha betri za saa. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kunung'unika. Lakini siku ile, baada ya wanawake wale kuondoka, alibaki amelishika jiwe la Milano chini ya taa mpaka mteja mwingine akalazimika kugonga kioo.

Pini aliimaliza kesho yake. Alitia lehemu, akanyoosha kishikio, akasugua dhahabu. Mambo yangeishia hapo. Alikuwa amepanga kulirudisha Ijumaa.

Ijumaa haikufika kwa amani. Habari za mashambulizi dhidi ya wageni, zilizokuwa zimeanzia Durban, zilipanda mpaka Johannesburg. Washambuliaji walipovunja maduka Jeppestown, mwendo mfupi tu kutoka Troyeville, majirani zake wote wa mtaa ule walishusha vyuma. Damien naye alikusanya kila kitu cha wateja, akakitia kwenye begi la shule lililochakaa pamoja na mashine yake ndogo ya kuchongea, akapanda taksi ya kwanza aliyoiona bila kufungua kinywa, kwa kuogopa lafudhi yake isimuuze. Yeye na mkewe Orpha walikuwa wamepanga chumba cha uani huko La Rochelle. Wakajifungia humo.

Siku za namna hiyo hazina umbo. Orpha, ambaye kwa kawaida alisuka nywele za watu tangu asubuhi mpaka jioni, alilala, akaamka, akapika, akalala tena, redio ikiwa chini chini sikioni. Helikopta zilipita. Mtu akikimbia barabarani, wote wawili waliacha kutafuna. Damien hakujua aipeleke wapi mikono yake. Ndipo alipolitoa tena jiwe, alitazame tu, ili akili itoke kwenye ile barabara.

Alilitazama kutwa nzima. Aliona jinsi fundi wa kale alivyoipitisha nyeupe kutoka nene kwenye shavu hadi nyembamba kwenye kope. Alimwonea huruma. Mtu amefanya kazi namna ile, kisha ajali ya kijinga inamwachia mwanamke wake uso kama wa bondia! Na alijua, vidole vyake vilijua, kwamba inawezekana kuirudisha pua ile.

Jiwe halina nyama ya kuongeza. Ukitaka pua isimame, lazima ushushe kila kilichoizunguka: shavu, paji la uso, mdomo, kidevu. Lazima uso mzima urudi nyuma ili pua ipate mahali pa kuchomoza. Damien aliyapima hayo yote kwa lenzi, akaona nyeupe ilikuwa na unene wa kutosha. Alikuwa na vichongeo vyenye ncha za almasi ambavyo hakuvigusa tangu alipovinunua. Alijaza maji kwenye kisahani, akasubiri umeme wa mgawo urudi, akaanza.

Orpha alimkuta ameinama. "Amekutuma hiyo?"

"Amenituma pini. Hii ni zawadi."

"Si umpigie simu kwanza?"

"Nikimpigia itakuwa zawadi tena? Orpha, yule mama ni kama haoni. Vidole vyake vikikuta uso mzima, utasikia kilio cha furaha mpaka huku."

Orpha alisimama kidogo nyuma yake. "Mimi mteja akija nimkate ncha za nywele," alisema, "siwezi kumnyoa eti kwa sababu naona kipara kitampendeza."

Damien alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka wiki ile, na Orpha, aliposikia kicheko hicho, hakuwa na moyo wa kuendelea kumpinga. Alirudi kwenye redio yake. Jambo hilo nalo lilikuja kumsumbua Orpha baadaye, ingawa hakuwa na kosa.

Damien alichonga siku zote zilizobaki za kujifungia. Hofu ilimtoka. Alikuwa tena miguuni pa baba yake Likasi, jiwe likinung'unika chini ya ncha, maji meupe yakitiririka kwenye kidole. Alishusha paji la uso kidogo kidogo. Akalainisha shavu. Mdomo wa yule mwanamke ulikuwa na mkunjo fulani pembeni, kama mtu anayezuia neno, nao ikabidi uondoke ili mdomo ulingane na pua. Alipomaliza na kulisugua kwa unga laini, mwanamke alikuwa mzima, mwenye pua nyembamba iliyonyooka, mrembo, kijana kuliko alivyokuwa. Orpha mwenyewe alikiri kwamba ni kazi nzuri. Na ilikuwa kazi nzuri kweli. Hakuna mahali mkono wake ulipoteleza.

Mji ulipotulia, Joséline alipita dukani kulichukua jiwe. Alikifungua kitambaa, akalitazama jiwe, uso wake ukabadilika.

"Papa Damien, mbona lina pua?"

"Nimemtengenezea."

"Alikuambia?"

"Twende wote," Damien alisema, tayari akivua aproni. "Nataka nimwone mwenyewe atakavyofurahi."

Njiani Joséline hakusema mengi. Walipovuka kwenye robot, taa za barabarani za mwisho kabla ya nyumba, alisimama, kana kwamba anataka kumwomba jambo, kisha akaendelea.

Mama Ornella alikuwa ameketi barazani, amejifunika blanketi magotini, mkono tayari umenyooshwa kabla hata hawajamsalimia. Damien alimwekea jiwe kiganjani kwa mikono miwili, kwa heshima, akarudi nyuma hatua moja.

Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja mahali pake. Kikasimama. Kikapanda, kikashuka, kikazunguka, kikarudi. Bibi aliligeuza jiwe, akapapasa ukingo wa dhahabu, akaligeuza tena.

"Hili si langu," alisema.

"Joséline. Umelitoa wapi hili?"

"Kwa fundi, Mama."

"Mlisimama mahali njiani? Kuna mtu amelishika?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na macho yake yasiyoona yalikuwa yamemlenga Joséline kifuani. "Mwanangu, niambie tu. Sitakasirika. Kuna mtu amekulazimisha? Siku hizi mbaya, najua, watu wanatishwa..."

Joséline alikuwa amebana mikono tumboni. Mgeni asiye na mtu katika mji huu, anayelala kwenye nyumba ya mwajiri, anajua neno wizi linavyoweza kummaliza. Damien aliliona hilo, na bado ulimi wake mwenyewe ulichelewa. Haikuwa muda mrefu, labda pumzi mbili tatu. Lakini katika muda huo aliona wazi kwamba angeweza kunyamaza, na kuona huko hakukumtoka tena maishani.

"Ni lenyewe, Mama," alisema. "Dada hana kosa. Ni mimi. Nimelichonga upya. Nilitaka kukurudishia pua."

Mama Ornella aligeuza kichwa kuifuata sauti. Alilifumbata jiwe.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema hatimaye. "Silvio. Mama alikuwa ameliweka jiwe juu ya meza, Silvio akalichukua acheze nalo, akaliangusha kwenye ngazi za nje. Nilikuwepo. Mama alimpiga kofi. Alilia sana, akawa anatafuta kile kipande cha pua kwenye majani, jioni nzima, mtoto mdogo vile, hakukipata. Baridi ilipokuja akashikwa na homa ya mapafu, akafa. Hatukuwa watu wa kupiga picha. Nguo zake zilipewa watoto wengine. Hakuna kitu chochote duniani alichoacha Silvio isipokuwa pale alipovunja. Kila asubuhi naweka kidole changu pale."

Damien alishika nguzo ya baraza. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Damien alijieleza, kwa Kiingereza kilichokuwa kikimkimbia, akichanganya Kifaransa na Kiswahili mpaka Joséline akalazimika kumsaidia kutafsiri huku machozi yakimtoka. Alisema habari za Likasi, za baba yake, za wiki ile ya kujifungia. Alisema alidhani ni zawadi. Mwishoni, kwa kukosa la kufanya, alitamka jambo ambalo baadaye kila alipolikumbuka alijishika kichwa.

"Naweza kuivunja tena, Mama. Nakumbuka ilivyokuwa. Naweza kuirudisha vile vile."

Bibi hakumkaripia. "Utaivunja kwa mkono gani?" aliuliza kwa upole. "Ule mkono ulikuwa wa Silvio."

Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na nafsi yake, "Kama lingekuwa limeibwa, lingekuwa bado lipo mahali. Ningelala nikijua kwamba kuna nyumba fulani, hata ya mwizi, lile tundu lake lipo. Sasa niliwaze wapi?"

Alilibandika jiwe kifuani, taratibu, kwa kubahatisha, na pini ikashika mara moja. "Pini ni nzuri," alimwambia. "Asante." Akamwomba Joséline amsindikize mgeni getini.

Damien alimweleza Orpha yote siku ile ile. Orpha hakumkumbusha kwamba alimwonya. Alimtengea chakula, na alipoona hakigusi, akakifunika.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Damien alikwenda Bezuidenhout Valley. Joséline alimfikia getini akamwambia Mama amepumzika. Jumapili nyingine, vivyo hivyo. Wote wawili walijua kwamba Mama hakuwa amepumzika, maana alionekana kwenye kiti chake barazani. Damien aliendelea kwenda. Msimu wa mvua ulipoingia, sauti ya bibi mwenyewe ikatoka ndani: "Mwache aingie, atalowa."

Tangu hapo alikuwa mtu wa nyumba ile kwa kiasi fulani. Alibadilisha balbu, akarekebisha bawaba za geti, akanywa kahawa chungu ya Kiitaliano ambayo hakuipenda. Waliongea habari za mabomba ya maji, za kanisa, za Joséline na mipango yake ya kusomea uuguzi. Jiwe halikutajwa. Mama Ornella aliacha kulivaa baada ya miezi michache, na Damien hakuthubutu kuuliza limewekwa wapi. Mara moja tu, akiwa katikati ya habari nyingine, bibi aliuinamia mkono wake wa kulia uliokuwa ukisugua kitambaa cha meza, akasema, "Bado kinatafuta, hiki kidole. Mjinga." Akaendelea na habari zake.

Damien aliomba msamaha moyoni kila Jumapili, lakini kwa mdomo hakuomba tena. Alijiambia kwamba kumwomba ni kumkumbusha. Alijiambia kwamba siku yake itafika, siku nzuri, bibi akiwa na furaha, naye atapiga magoti na kuyasema vizuri, kwa Kiingereza kilichopangwa, ambacho alikuwa ameshakifanyia mazoezi chumbani mbele ya Orpha. Miaka ikapita kwa namna hiyo.

Mwaka 2018 Mama Ornella alianza kusahau. Kwanza majina ya vyombo, kisha njia ya kwenda chooni. Mpwa wake, Paola, alikuja kutoka Cape Town kupanga mambo, mwanamke mchangamfu mwenye haraka. Alikuwa amelikuta jiwe ndani ya droo, na siku Damien alipofika kumsaidia Joséline kufunga mizigo, lilikuwa kwenye kola ya koti la mpwa huyo.

"Wewe ndiye fundi?" Paola alimuuliza. "Shangazi aliwahi kuniambia kuna fundi alilishughulikia. Nilipokuwa mdogo lilikuwa linanitisha, ile pua iliyokatika! Angalia sasa lilivyo zuri. Una mkono wa dhahabu."

Damien alifungua kinywa amweleze. Kisha akamwona Joséline nyuma ya Paola akitikisa kichwa taratibu, na akaelewa kwamba kumweleza kungempa yeye nafuu na kumwachia Paola jiwe la huzuni. "Asante," alijibu. Akarudi kufunga mizigo.

Mama Ornella alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa kusini wa mji. Joséline, ambaye sasa alikuwa ameanza masomo, alimtembelea kila alipopata nafasi. Katikati ya mwaka 2019 alimpigia Damien simu. "Papa Damien, kama una neno la kumwambia, njoo sasa. Anazidi kuondoka."

Walikwenda pamoja mchana wa Jumamosi. Bibi alikuwa amekaa dirishani juani, mdogo, nywele zimechanwa vizuri. Damien alipiga magoti kwenye sakafu inayonukia dawa, akamshika mkono.

"Mama Ornella, ni Damien. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kwa nini?" aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeulizwa habari na msafiri.

"Kwa ajili ya jiwe, Mama. Lile la Milano. Nilifuta alama ya Silvio."

Bibi aliinamisha kichwa, akafikiri. Ilionekana kabisa kwamba anatafuta, kwa juhudi, kwa sababu hakutaka kumvunja moyo huyu mtu mpole aliyepiga magoti.

"Silvio," alirudia. "Silvio ni nani?"

Damien alimtazama Joséline. Joséline aligeukia dirishani.

"Alikuwa mdogo wako, Mama," Damien alisema. "Alikuwa mtoto mdogo. Aliangusha jiwe kwenye ngazi, akalitafutia pua yake kwenye majani jioni nzima."

"Maskini," alisema Mama Ornella. "Aliipata?"

"Hapana."

"Maskini," alisema tena, na akampigapiga Damien mkononi, akimbembeleza.

Walikaa naye mpaka chai ilipoletwa. Walipotoka nje, Joséline alimwambia kwamba ule ni ugonjwa, kwamba amesoma kuuhusu darasani, kwamba hata jiwe lingebaki lilivyokuwa, bibi angesahau tu. "Usijitwike hilo, Papa Damien."

"Nimekusikia, dada," alisema.

Na alimwamini kuhusu ugonjwa. Lakini alipokuwa amesimama kando ya barabara akingoja taksi ya kurudi La Rochelle, alikuwa akifikiria ile miaka mitatu ya Jumapili, bibi akiwa bado na akili zake zote, kikombe cha kahawa mkononi, amekaa kiti cha pili karibu naye, anamsikia vizuri, naye Damien akiongea habari za mabomba ya maji.